Mifupa ya Kamiti na Kadi za Uanachama



Kila tarehe 20 Oktoba taifa letu la Kenya huadhimisha Sikukuu ya Mashujaa. Zamani siku hiyo ilibeba jina la Kenyatta peke yake; Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyoibadilisha, ili heshima isiwe ya mtu mmoja. Siku hiyo mahema husimamishwa, na wazee wachache waliosalia wa vita vya msituni huketishwa mahali pa kuonekana. Hupewa kofia na soda, hutajwa katika hotuba mara mbili tatu, na jioni hurudishwa walikotoka. Mwaka unaofuata viti vyao huwa vimepungua. Swali la kijitabu hiki ni fupi: ni nani anayetunza kumbukumbu yao katika siku 364 zinazobaki, na anaitunza kwa faida ya nani?

Wako waamini wanaonung'unika kwamba Tume ya Haki na Amani imeacha kazi yake na kujiingiza katika mambo ya chama cha wapiganaji wa Mau Mau. Husema kwamba hiyo ni siasa. Husema kwamba ni jambo la kabila moja. Na wale wenye sauti ya upole zaidi husema kwamba tunafukua makaburi, ilhali Mkristo ameagizwa kusamehe. Tutawajibu wote, na tutaanza na hawa wa mwisho, kwa kuwa hoja yao ndiyo inayopendwa zaidi na ndiyo yenye madhara zaidi.

Makaburi yapi hayo tunayoyafukua? Katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa na Gavana Evelyn Baring mwezi Oktoba 1952 na kumalizika Januari 1960, watu 1,090 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Wengi wao hawakuhukumiwa kwa kuua. Walinyongwa kwa kukutwa na bunduki au hata risasi, kwa kulisha kiapo, au kwa kuandamana na watu wenye silaha, maana sheria za dharura zilikuwa zimeyafanya makosa hayo yote kuwa ya kifo. Miili yao haikurudishwa kwa jamaa. Hakuna mama aliyeitwa kuja kuosha maiti, hakuna mtoto aliyetupa udongo. Basi anayesema tusifukue makaburi anazungumza kana kwamba makaburi hayo yanajulikana yalipo. Mtu hafukui kaburi ambalo hajawahi kuonyeshwa.

Mashuhuri kati ya hao ni Dedan Kimathi. Alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956 akiwa na jeraha la risasi, akashtakiwa Nyeri kwa kumiliki silaha, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa ndani ya eneo la gereza bila alama yoyote. Miaka 50 kamili baadaye, tarehe 18 Februari 2007, Rais Mwai Kibaki alifunua sanamu yake katika barabara ya Nairobi yenye jina lake. Sanamu ni nzuri: mkononi ana bunduki na sime. Lakini tafakarini, ndugu zangu. Taifa liliweza kuyeyusha shaba na kumsimamisha mtu katikati ya jiji, na halikuweza kumwonyesha mjane wake udongo uliomfunika, ingawa gereza lenyewe halikuhama na funguo zake zimekuwa mikononi mwa serikali yetu wenyewe tangu mwaka 1963. Mukami Kimathi alifariki Mei 2023. Kwa miaka 66 aliomba apewe mifupa ya mumewe aizike. Alizikwa yeye kabla ya kuipata.

Hapa Kanisa haliwezi kusema kwamba halihusiki. Usiku wa mwisho wa maisha yake Kimathi alimwandikia barua padre wa misheni ya Nyeri, Padre Marino. Katika barua hiyo mtu aliyeitwa gaidi na magazeti ya Uingereza anaandika juu ya mambo mawili ambayo kila baba hapa parokiani anayaelewa: mkewe aliyekuwa amefungwa Kamiti afarijiwe, na mwanawe apelekwe shule. Hakutuachia wosia wa vita; alituachia mjane na mtoto. Wanaotuambia kwamba mambo haya si ya Kanisa, waambieni kwamba aliyenyongwa alifikiri kinyume chao.

Na kuhusu msamaha. Musa alipotoka Misri alibeba mifupa ya Yosefu, kwa sababu watu walikuwa wameapa kwamba hawatamwacha katika nchi ya utumwa. Hakuna aliyemwambia Musa kwamba anachochea chuki. Msamaha una mtu anayesamehe na kosa linalosamehewa; kosa lisipotajwa, hakuna kilichosamehewa, kuna kitu kilichofichwa tu. Tena ni nani aliyesamehe? Mara nyingi aliyetangaza msamaha kwa niaba ya wazee hawa ni yule ambaye hakupoteza hata uzio wa shamba.

Hebu tuitazame historia ya huku kusahau, kwa maana haikutokea yenyewe kama umande. Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Mau Mau mwezi Agosti 1950. Uhuru ukaja tarehe 12 Desemba 1963, bendera ikapandishwa, nyimbo zikaimbwa, na marufuku ile ikabaki katika vitabu vya sheria. Ikabaki chini ya rais wa kwanza. Ikabaki chini ya rais wa pili. Iliondolewa mwaka 2003 tu, katika serikali ya rais wa tatu, na ndipo chama cha wapiganaji wa Mau Mau kilipoandikishwa kisheria mwezi Novemba mwaka huo huo. Kwa miaka 40 ya bendera yetu wenyewe, mtu aliyepigania bendera hiyo hakuweza kujiandikisha kwa jina la vita vyake bila kuvunja sheria.

Kwa nini? Jomo Kenyatta, kabla hata ya uhuru, mwaka 1962, aliufananisha Mau Mau na ugonjwa uliokwisha kutibiwa ambao haufai kukumbukwa tena. Wengine humtetea kwamba alitaka kuunganisha nchi iliyogawanyika, na hoja hiyo si ya kudharauliwa. Nchi ilikuwa na vidonda vibichi. Lakini kusahau huko kulikuwa na hesabu yake ya ekari. Mwaka 1954, wakati wanaume kwa maelfu walipokuwa kizuizini, mpango uliojulikana kwa jina la Swynnerton ulianzishwa. Chini yake vipande vya ardhi ya Wakikuyu viliunganishwa, vikapimwa na kupewa hatimiliki. Aliyekuwapo nyumbani, hasa aliyekuwa homgadi au mtu wa chifu, alisimama mbele ya kamati na kuonyesha mipaka. Aliyekuwa Manyani au kisiwani Mageta hakuwa na wa kumsemea. Aliporudi alikuta mpaka umehama na karatasi imetiwa muhuri. Serikali ya uhuru iliziheshimu karatasi zile. Sasa, kama ungekuwa wewe uliye na hatimiliki hiyo, je, ungetaka kiundwe chama cha kukumbuka?

Na wale waliokataa kusahau walionyeshwa njia. Jenerali Baimungi wa Meru alikuwa miongoni mwa viongozi waliotoka msituni baada ya uhuru na kudai kwamba ahadi ya ardhi itimizwe. Aliuawa na majeshi ya serikali huru mwaka 1965. Josiah Mwangi Kariuki, aliyeandika kitabu juu ya maisha yake kizuizini na baadaye akawa mbunge aliyeitetea haki ya maskini, aliuawa Machi 1975. Hatusemi kwamba kila kifo kilikuwa na sababu moja. Tunasema kwamba kijana aliyekua katika miaka hiyo alijifunza mapema ni habari zipi za babu zisizofaa kusimuliwa darasani.

Ndiyo maana chama cha kutunza kumbukumbu hii ni jambo la haki, na si mchezo wa wazee wanaopenda kuvaa medali. Tazameni kilichowezekana mara tu sheria ilipowaruhusu watu kukutana na kuandikana majina. Mwaka 2009 wazee watano, kwa msaada wa chama hicho na wa Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ile isiyo ya serikali, walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London. Mmoja wao, Susan Ngondi, alifariki kabla ya kusikilizwa. Serikali ya Uingereza ilijibu kwanza kwamba madeni yote ya mkoloni yalirithiwa na Kenya siku ya uhuru, yaani kwamba aliyepigwa ndiye aliyerithi fimbo. Mwaka 2011 Jaji McCombe aliikataa hoja hiyo. Katika mwaka huo huo serikali hiyo ililazimika kukiri kwamba ilikuwa imeficha mahali paitwapo Hanslope Park majalada kama 1,500 yaliyoondolewa Kenya wakati wa kukabidhi madaraka, pamoja na maelfu mengine kutoka makoloni 36 zaidi. Mengine yalikuwa yameteketezwa kwa moto, kwa kuwa mwaka 1961 agizo lilitolewa kwamba serikali mpya zisiachiwe karatasi zozote za kuiaibisha Uingereza.

Angalieni vizuri jinsi ukweli ulivyopatikana, maana hapa ndipo penye funzo kwa parokia. Majalada peke yake hayakutosha. Yalikuwa yamelala London nusu karne bila kumsemea mtu. Maneno ya wazee peke yake nayo yalikuwa yamedharauliwa kwa muda ule ule. Vilipokutana, mzee akitaja kambi, mwaka na jina la ofisa, na jalada likionyesha ofisa yule kambini mwaka ule, uongo ulikosa pa kukaa. Wambugu wa Nyingi alikuwako Hola tarehe 3 Machi 1959 wakati wafungwa 11 walipopigwa marungu hadi kufa. Yeye alidhaniwa maiti. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba watu wale walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Kwa miaka 50 shahidi wa Hola alikuwa akiishi miongoni mwetu, na ni wangapi katika sisi tuliokwenda kumuuliza?

Mwezi Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa wazee 5,228. Hata ukizigawa fedha zote bila kuwatolea mawakili hata senti, hakuna ambaye angefikisha pauni 4,000 kwa mateso ya miaka. Waziri William Hague alisema bungeni kwamba serikali yake inasikitika. Hakukubali kwamba inawajibika kisheria. Wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi ya pili. Hiyo ilikataliwa mwaka 2018, jaji akisema kwamba muda uliopita ni mrefu mno kwa kesi ya haki kusikilizwa. Someni tena sababu hiyo. Maelfu walipoteza haki yao kwa sababu ya kukawia, na sehemu kubwa ya kukawia huko ni ile miaka 40 ambayo taifa lao lenyewe liliwafunga midomo.

Mfalme Charles alipozuru nchi yetu mwishoni mwa Oktoba 2023 alikiri kwamba maovu yasiyo na udhuru yalitendwa. Neno la kuomba radhi halikutoka kinywani mwake. Tunaliandika hapa ili wajukuu wasije wakaambiwa kwamba lilitoka.

Tumekitetea chama, na sasa tuna haki ya kukikemea. Hatusemi juu ya kimoja kwa jina, kwa maana tangu mwaka 2003 vimezuka vingi, vingine vyenye wanachama, vingine vyenye mwenyekiti na mhuri tu. Tunasema juu ya tabia.

Kumbukumbu si ghala la mtu. Mzee hapaswi kulipia fomu ili aambiwe kwamba aliteseka. Anayekuja kijijini na daftari, akikusanya ada kwa ahadi ya fidia itakayotoka ng'ambo, bila kuacha stakabadhi wala anwani, huyo si mrithi wa wapiganaji bali ni mrithi wa wale waliokuwa wakiuza vibali vya kutoka kijijini nyakati za mahandaki. Viongozi wa jumuiya, msikubali mtu wa namna hiyo asimame mbele ya waamini baada ya Misa kutoa matangazo. Vilevile chama kinachojaza basi la wazee kila mgombea anapokuja mkoani, na kuwavalisha fulana yenye picha yake, kimekwisha kuuza kilichokabidhiwa kukitunza. Mwanasiasa huyo hatakiwi kupewa baraka za mashujaa kabla hajajibu swali moja tu: alipokuwa bungeni alisema nini juu ya mifupa ya Kamiti?

Kuna dhambi nyingine ndani ya vyama hivi, nayo ni ile ya kupima ushujaa kwa bunduki. Aliyebeba bunduki ana kadi. Aliyembebea chakula hana. Ile nguzo ya kumbukumbu iliyozinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2015, kwa fedha za Uingereza kufuatia makubaliano ya kesi, imesema ukweli kuliko rejista nyingi za wanachama: inamwonyesha mpiganaji akipokea chakula kutoka kwa mwanamke, na hawatazamani usoni, ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Mwanamke huyo alijua adhabu yake. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kuanzia mwaka 1954 na kusukumwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa. Wengi wa waliochimba mahandaki hayo walikuwa wanawake na watoto, kwa sababu wanaume walikuwa kizuizini, msituni au kaburini. Njaa iliua humo. Jane Muthoni Mara alisimama mbele ya mahakama ya London akaeleza aliyotendewa mwilini mwake akiwa msichana, mambo ambayo mama wa Kiafrika hayasemi hata mbele ya dada yake. Ulikuwa ushujaa huo, na haukuhitaji bunduki. Muthoni wa Kirima naye, mwanamke pekee aliyepata cheo cha juu kabisa cha wapiganaji wa msituni, aliziweka nywele zake bila kuzikata tangu siku za vita hadi Aprili 2022. Zilipokatwa kamera zilikuwa tele. Aliaga dunia Septemba 2023. Tungependa kujua ni kamera ngapi zilizofika kwake katika miaka 60 iliyotangulia.

Sasa hoja ya kabila. Ni kweli kwamba mzigo mkubwa wa vita vile uliwaangukia Wakikuyu, Waembu na Wameru. Ni kosa kuuficha ukweli huo ili kumpendeza mtu, na ni kosa kubwa zaidi kuugeuza ukweli huo kuwa hati ya kumiliki nchi. Tazameni ramani ya kambi: Manyani iko njia ya Mombasa, Hola iko kando ya mto Tana, Mageta iko ndani ya Ziwa Victoria, Manda iko Lamu. Pio Gama Pinto, mwana wa familia ya Kigoa, alifungwa Manda kwa kuwasaidia wapiganaji, na akauawa Nairobi mwezi Februari 1965, uhuru ukiwa haujatimiza miezi 15. Kabla ya hao wote, Koitalel arap Samoei aliuawa mwaka 1905 akiwaongoza Wanandi, na Mekatilili wa Menza aliwaamsha Wagiriama mwaka 1913. Chama kinachotaka kuitwa cha kitaifa hakina budi kuwaalika wajukuu wa hawa katika mikutano yake kama wenye nyumba, wala si kama wageni wa kuchezesha ngoma.

Lakini mtihani mgumu haupo Hola wala Lamu. Upo katika mabenchi ya kanisa letu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, wapiganaji walizichoma nyumba za homgadi na jamaa za machifu, na zaidi ya watu 70 wakauawa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Usiku huo huo na siku zilizofuata, homgadi na askari wa serikali waliwaua wengine wengi kwa kulipiza kisasi, na idadi ya hao serikali haikujali kuihesabu. Gazeti la mkoloni liliandika juu ya mauaji ya kwanza na kunyamaza juu ya ya pili. Je, chama cha kumbukumbu kifanye kinyume chake, kiandike juu ya ya pili na kunyamaza juu ya ya kwanza? Kikifanya hivyo kitakuwa kimejifunza ufundi wa bwana wake wa zamani. Mtoto aliyeteketea Lari hakuwa chifu. Mkristo aliyekatwakatwa kwa sababu alikataa kula kiapo kwa ajili ya dhamiri yake hakuwa kibaraka. Alisimama mahali pagumu kuliko wengi wetu tutakavyowahi kusimama. Majina yao yaandikwe katika kitabu kile kile. Atakayesema kwamba kuyaandika ni kuwasaliti wapiganaji, aeleze ni ukombozi gani unaomwogopa mtoto aliyekufa.

Na Kanisa liandikwe pia. Wahubiri waliingia kambini pamoja na mpango wa serikali wa kuwaungamisha wafungwa viapo vyao, na mfungwa hakuweza kutofautisha daima kati ya aliyekuja kuiokoa roho yake na aliyekuja kupokea taarifa. Walikuwako pia waliopiga kelele. Kanoni Bewes wa shirika la wamisionari wa Kianglikana alirudi Uingereza mapema mwaka 1953 akiwa na habari za mateso, naye alizifikisha kwa wakubwa. Wengi zaidi walijua na wakaona kwamba ukimya ndio busara. Haya si mashtaka ya madhehebu mengine dhidi ya yetu. Kila dhehebu lina sanduku lake la karatasi.

Hapo tunafika kwenye kazi. Parokia za zamani katika Mlima Kenya na bonde la Nyandarua zina vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo vya miaka ya 1952 hadi 1960. Katika vitabu hivyo mna majina ya watu, ya baba zao na ya vijiji ambavyo havipo tena kwenye ramani. Pale ambapo mahakama ya London iliambiwa kwamba ushahidi umekosekana kwa ajili ya muda, kabati la parokia huenda lina mstari mmoja wenye jina na tarehe. Tunawaomba maparoko waviangalie vitabu hivi kabla mchwa hawajaviangalia. Halmashauri ya parokia iteue watu wawili wenye mwandiko mzuri na uvumilivu, wanakili majina ya waliofariki katika miaka hiyo, wayapeleke kwa wazee wa kila jumuiya na kuuliza: huyu alikufaje, na alizikwa wapi? Wasiulize kwanza alikuwa upande gani.

Wazee wenyewe wanahesabika kwa vidole. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 Hali ya Hatari ilipotangazwa amekwisha kupita miaka 90. Vijana wa parokia wana simu zinazoweza kunasa sauti. Wazitumie kwa kazi hii angalau Jumapili moja kwa mwezi, wakiandamana na mtu anayeifahamu vyema lugha ya mzee, kwa maana mambo haya hayasimuliwi kwa Kiswahili cha shuleni. Asimame pembeni kijana anayetaka kumkatiza mzee ili amsahihishe tarehe. Tarehe zitatafutwa baadaye. Na mama akisema kwamba jambo fulani halitaki litoke nje ya chumba, basi chombo kizimwe na neno lake liheshimiwe.

Kwa serikali tunadai jambo ambalo halihitaji bajeti ya sherehe: eneo la maziko la Kamiti lipimwe na wataalamu, daftari za gereza za miaka ile zifunguliwe, na jamaa za watu wote 1,090 waitwe, si jamaa ya mmoja aliye maarufu. Sheria ya Mashujaa imekuwapo tangu mwaka 2014. Sheria inayoweza kumtunukia mtu aliye hai nishani, iweze pia kumtafutia aliyekufa kaburi. Viongozi wa walei wanaokutana na wabunge wao katika mikutano ya maendeleo waliulize jambo hili mbele ya watu, na katibu aandike jibu.

Mwenye picha ya zamani, kipande, pasi ya kutokea kijijini, barua iliyotumwa kutoka kizuizini au hati yoyote ya miaka ile, asimkabidhi mtu yeyote asiyemjua, hata akija na gari lenye bendera. Ailete kwa katibu wa Tume katika parokia yake. Itapigwa picha mbele ya macho yake, itaandikwa katika daftari lenye namba, naye ataondoka na hati yake mkononi siku hiyo hiyo. Hakuna ada.